Kubadilisha hachi za sitaha kwenye boti ya tanga ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye boti ya tanga ya faiba iliyojengwa miaka ya 1970 au 1980, iliyofungwa boya Mtwapa, Tudor au mbele ya klabu ya yoti pale Liwatoni, Mombasa, na ambayo kila masika yakiingia hulazimika kuwekewa sufuria juu ya godoro. Hachi ni ule mfuniko wa sitaha wenye fremu na kioo, unaoingiza mwanga na hewa ndani. Nimebadilisha hachi tatu kwenye boti yangu na kuwasaidia wenzangu kwenye zao, na maswali ninayoulizwa ni yale yale. Karibu kila kosa la gharama nililoliona lilitokana na mtu kuchagua hachi kwanza na kuipima sitaha baadaye. Kwa hiyo majibu yangu yanaanzia kwenye sitaha.

Nitajuaje kama hachi nzima imekwisha, au inataka ukarabati tu?

Itazame kama vitu vitatu mbalimbali: raba, kioo na fremu. Raba ndiyo ya kwanza kuchoka. Ukiibonyeza kwa kidole isirudi, au ikikatika kama biskuti unapoivuta, imekwisha, lakini raba peke yake si sababu ya kununua hachi mpya. Kioo, ambacho kwa kweli ni akriliki, ile tunayoiita paspeksi madukani, hufa polepole kwa jua. Huanza kwa nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Pitisha ukucha juu yake. Usipokwama, bado una muda wa kujipanga. Ukikwama, usimruhusu mtu kuikanyaga hachi hiyo tena.

Fremu ndiyo inayoamua. Ing'oe, uilaze juu ya meza iliyo bapa kabisa. Ikicheza pembe kwa pembe, imepinda. Tazama pia kuzunguka skrubu: unga mweupe ni alumini inayoliwa. Unga kidogo husafishika. Lakini alumini ikiwa imeliwa hadi kichwa cha skrubu hakina pa kushika, au bawaba imevunjika na mtengenezaji hauzi tena sehemu hiyo, usitupe pesa kwenye kioo kipya. Fremu ikiwa nzima na imenyooka, mimi ningebaki nayo. Fremu kadhaa za zamani nilizozishika zilikuwa nene kuliko za leo, na faida yake kubwa ni kwamba tundu la sitaha tayari linaifaa.

Maji yanadondokea kitandani. Je, hachi ndiyo inayovuja?

Huenda, lakini usiape. Maji husafiri. Boti yangu ilikuwa ikidondosha maji juu ya mto wa kulalia, chini kabisa ya pembe ya hachi ya omo, yaani ya mbele ya boti, na kwa miaka miwili nilikuwa nikibadilisha raba ya hachi hiyo. Kumbe maji yalikuwa yakiingia kwenye boliti ya kishikio cha mkono, nusu mita mbele yake, yakitambaa kati ya sitaha na dari ya ndani hadi yalipokuta ukingo wa tundu, ndipo yakadondoka.

Kuna majaribio mawili yasiyo na gharama. La kwanza ni la chaki: paka chaki kwenye ukingo wa fremu ya chini unaogusana na raba, funga hachi, ifungue, kisha usome mstari uliobaki juu ya raba. Pale mstari ulipokatika, raba haigusi.

La pili ni la maji, na linataka watu wawili, mmoja ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji usiofunguliwa sana. Anza chini: mwagia sitaha peke yake kuzunguka fremu kwa dakika kumi. Ndani pakiwa pakavu, panda kwenye maungio ya kioo na fremu, dakika kumi nyingine. Mwisho kabisa ndipo umwagie kwenye raba. Ukimwaga kila mahali kwa pamoja utaona maji tu, hutajua yametoka wapi.

Nipime nini kabla ya kuagiza?

Pima tundu. Narudia kwa sababu mimi mwenyewe sikulipima. Hachi yangu ya kwanza niliipima ukingo wa nje wa fremu ya zamani, nikaagiza inayolingana nao. Ilipofika, ukingo ulilingana sawasawa. Lakini fremu mpya ilikuwa na pembe za duara kubwa, na tundu langu lilikuwa na pembe kali. Nilipoiweka, kila pembe ilibaki na uwazi wenye umbo la mwezi mchanga, na skrubu za pembeni hazikuwa na kitu chini yake. Niliingia kwenye kazi ya wiki mbili ya kujaza pembe nne kwa faiba, kazi ambayo kipande cha kadibodi kingenionyesha siku ya kwanza.

Basi: ng'oa hachi ya zamani ikiwezekana, ukwangue gundi yote hadi faiba ionekane, kisha upime upana na urefu wa tundu katika sehemu tatu kila upande. Pima mshazari wa kwanza na wa pili. Zikitofautiana, tundu halina pembe mraba. Pima duara la pembe. Pima unene wa sitaha pamoja na dari ya ndani, kwa sababu shingo ya fremu na pete yake ya ndani, ile inayofunika ukingo wa tundu kutoka chini, zinategemea unene huo. Pima pia upana wa eneo bapa linalozunguka tundu, maana ukingo wa fremu lazima ulale juu yake bila kupanda kwenye mteremko.

Halafu simama juu ya sitaha utazame kifuniko kitafunguka kwenda wapi. Je, kitagonga mlingoti, winchi au kamba ya tanga la mbele? Jambo hili halimo kwenye mchoro wowote wa mtengenezaji.

Baada ya hapo chukua mchoro wa hachi unayoitaka, uuhamishie kwenye kadibodi kwa ukubwa wake halisi, ukate, uweke juu ya tundu. Boti nyingi za zamani kutoka Uingereza na Marekani zilijengwa kwa inchi, na hachi za leo huuzwa kwa milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, na tofauti ndogo ndogo hujumlika. Ukijikuta kati ya saizi mbili, chukua kubwa, mradi hakuna boriti ya sitaha utakayoikata. Kuongeza tundu ni kazi ya asubuhi moja; kulipunguza vizuri ni kazi ya siku nyingi.

Sitaha yangu ina mgongo, lakini hachi zinauzwa bapa. Nikizikaza kwa skrubu si zitalala?

Zitalala, na ndiyo hasara yenyewe. Hachi yangu ya pili niliianza hivyo. Nilikuwa na bisibisi mkononi, nikikaza skrubu moja baada ya nyingine ili fremu ishuke, aliponikuta mzee mmoja fundi wa Mtwapa aliyejifunzia kazi kwenye mashua za mbao.

"Mwanangu, wakaza nini hapo?"

"Nakaza fremu ishike, mzee."

"Chuma chako kimenyooka, sitaha yako ina mgongo. Ukikaza, mmoja atamfuata mwenzake. Na atakayefuata ni chuma."

Akafunga kifuniko, akachana kipande cha gazeti, akakibana kati ya raba na fremu, akakivuta. Pembe mbili zilikishika hadi kikachanika. Katikati, upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, kilitoka kama kinachotolewa kwenye bahasha. Hachi ilikuwa mpya, raba ilikuwa mpya, na tayari ilikuwa inavuja.

Weka rula ndefu iliyonyooka juu ya eneo litakalokaliwa na fremu, pande zote na mshazari. Mimi nikiona mwanga unaozidi milimita 2 chini yake, sikazi, najenga kiti. Kiti unaweza kukijenga kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni epoksi iliyochanganywa na unga wa kuifanya nzito kama uji wa sima. Unaipanga kuzunguka tundu, unaifunika kwa plastiki nyembamba, kisha unailaza fremu juu yake kwa uzito wake tu, bila kuikaza. Ikikauka unaondoa fremu na plastiki, unapiga msasa, na umebaki na kiti bapa kilichofuata umbo la fremu yako. Njia ya pili ni ya mbao: kata fremu ya msaji, uichore kufuata mgongo wa sitaha, uichonge chini hadi ilale, uso wa juu ukibaki bapa. Msaji una mafuta yake ya asili, kwa hiyo ufute kwa asetoni kabla ya kuupaka epoksi. Mbao hupendeza na huinua hachi juu ya maji yanayotiririka sitahani, lakini zitakudai matunzo kila mwaka.

Nimeng'oa fremu nikakuta mbao laini iliyoloa ndani ya sitaha. Ni nini?

Hicho ni kiini cha sitaha. Sitaha nyingi za faiba si faiba tupu. Ni matabaka mawili membamba yenye kiini katikati, mara nyingi balsa au plaiwudi, ili sitaha iwe ngumu bila kuwa nzito. Mjenzi akikata tundu la hachi bila kuziba ukingo, maji yakipita kwenye skrubu moja tu yanaanza kulowesha kiini, nacho kinaoza kimyakimya kwa miaka. Kugonga kwa mpini wa bisibisi husaidia: penye afya hulia kwa sauti kali, palipooza hulia butu kama unagonga kadibodi iliyoloa.

Usiweke hachi mpya juu ya kiini kilichooza, hata kama boti inasubiriwa na wageni. Chokoa kiini kuzunguka ukingo wote wa tundu kwa kina cha sentimita 2 hivi, au zaidi mpaka ufikie mbao kavu na nyeupe. Kikaushe kabisa, kwa unyevu wa pwani yetu hili linaweza kuchukua siku nyingi, na turubai lazima lifunike tundu kila usiku. Paka ukingo epoksi nyepesi inyweke, halafu jaza pengo kwa epoksi nzito. Tundu za skrubu nazo fanya hivyo hivyo: toboa kwa keekee kubwa kuliko skrubu, jaza epoksi, iache ikauke, kisha toboa upya kwa saizi sahihi. Hapo maji yakipita kwenye skrubu siku moja, yatakutana na epoksi na si mbao.

Joto la Mombasa linafupisha maisha ya epoksi kwenye kikombe. Changanya kidogo kidogo, imwage kwenye sinia pana badala ya kuiacha imekusanyika kikombeni, na uanze alfajiri. Nimeona kikombe kilichoachwa juani kikitoa moshi na kuyeyuka. Na unapokata faiba vaa barakoa na miwani.

Akriliki au polikaboneti?

Kwa hachi, mimi huchagua akriliki. Polikaboneti, plastiki nyingine ya kupenya mwanga, haivunjiki kirahisi ikigongwa, na hiyo ndiyo sifa inayowavutia watu. Lakini ni laini zaidi kwa mikwaruzo, hunyumbuka zaidi kwa unene ule ule, na isipokuwa na tabaka la kuikinga hugeuka njano kwa jua. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hutupita utosini. Akriliki hustahimili jua hilo vizuri zaidi.

Omba akriliki iliyomiminwa kwenye kalibu, si ile iliyosukumwa kwa mashine kuwa shiti. Ya kumiminwa hukatika vizuri na hukawia kupata nyufa. Pima unene wa kioo cha zamani kwa kalipa na urudishie ule ule, kwa kawaida milimita 10 au 12 kwenye hachi kubwa, la sivyo uso wa kioo hautalingana na fremu.

Kisha kuna hesabu moja ambayo mafundi wengi huipuuza. Akriliki hutanuka kwa joto karibu mara tatu ya alumini. Kioo cha milimita 500 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi ya lile la alfajiri, kitarefuka kwa kama milimita 1, na fremu yake kwa theluthi moja tu ya milimita. Kioo kilichokatwa kikabana fremu hakina pa kwenda saa saba mchana. Kitasukuma, kitapinda, kitaachana na gundi. Acha mwanya wa milimita 2 hadi 3 kila upande uliojazwa gundi inayonyumbuka. Mwanya huo ndio unaobeba mvutano wa kila siku.

Kioo cheupe au cha rangi ya moshi?

Cha moshi. Hupunguza mwanga mkali na huwazuia watu wa gatini kuchungulia ndani. Kwa joto, turubai juu ya hachi hufanya kazi kubwa kuliko rangi yoyote.

Bawaba ziwe upande gani, omo (mbele) au tezi (nyuma)?

Swali hili lina ubishi wa miaka, na kila upande una haki. Bawaba zikiwa upande wa omo, wimbi likija kutoka mbele linakigandamiza kifuniko kifunge. Bawaba zikiwa upande wa tezi, kifuniko hufungua mdomo wake mbele na kunasa upepo boti ikiwa nangani, jambo ambalo usiku wa Februari lina thamani kubwa kuliko kiyoyozi. Lakini kama mtu amesahau kufunga komeo, wimbi hilo hilo la mbele litakipenya na kukifungua.

Kwa boti ya Mombasa nimefikia uamuzi huu. Hachi ya omo, inayopokea bahari ya kwanza mtu anapotoka mlango wa Kilindini wakati wa kusi, bawaba ziwe mbele. Hachi ya katikati, nyuma ya mlingoti, bawaba ziwe nyuma ili inase hewa. Kumbuka pia kwamba kwenye mikono yetu ya bahari boti haitazami upepo sikuzote. Bamvua, yaani maji makubwa, likiwa kali maji hujaa na kupwa kwa zaidi ya mita 3, na mkondo wake huigeuza boti ikaupa upepo ubavu au tezi. Kwa hiyo hachi inayonasa upepo kwa ahadi ya dukani huenda ikanasa nusu ya siku tu. Ziko hachi zinazofunguka pande zote mbili, lakini zina makomeo na viungo vingi zaidi vya kuchakaa, na kwa omo siziamini.

Je, kuna ukubwa ambao hachi haifai kupungua?

Kama hachi hiyo ni njia ya kutokea moto ukishika, ndiyo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9094 kinataka tundu la duara lisipungue kipenyo cha milimita 450. Likiwa la umbo jingine, upande wake mfupi usipungue milimita 380 na eneo lake lisipungue mita za mraba 0.18. Vipimo hivi ni vya uwazi ambao mwili unapita, si vya ukingo wa nje wa fremu. Mimi siridhiki na namba peke yake: funga macho, panda kutoka kitandani, jaribu kutoka. Halafu mwambie mtu mnene kuliko wote kwenye safari ajaribu.

Kwa wanaotaka kushindana au kwenda mbali, kanuni za usalama za World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo wa tanga, haziruhusu hachi iliyo mbele ya sehemu pana zaidi ya boti ifunguke kwa ndani, isipokuwa vidirisha vidogo vya chini ya mita za mraba 0.071. Sababu ni nyepesi: kinachofunguka kwa ndani, bahari inaweza kukifungua.

Herufi A, B, C na D kwenye maelezo ya hachi zina maana gani?

Ni makundi ya bahari yanayotumika Ulaya. A ni bahari kuu, upepo unaozidi nguvu 8 ya kipimo cha Beaufort na mawimbi yanayozidi mita 4. B huishia kwenye nguvu 8 na mita 4. C ni karibu na pwani, nguvu 6 na mita 2. D ni maji yaliyokingwa. Nguvu za madirisha na hachi zenyewe hupimwa kwa kiwango cha ISO 12216, ambacho huangalia pia hachi inakaa sehemu gani ya boti, kwa hiyo hachi moja inaweza kufaa juu ya paa la chumba na isifae omo. Boti inayovuka kwenda Pemba au Ushelisheli, omo nisingeweka chini ya A. Ya kuzunguka Tudor na Nyali wikendi haihitaji uzito huo.

Mtengenezaji gani ni bora?

Majina utakayokutana nayo ni Lewmar wa Uingereza, Goiot wa Ufaransa, Gebo na Vetus wa Uholanzi, na Bomar wa Marekani. Wote wana hachi nzuri. Ninaloliangalia zaidi ya jina ni kama bado wanauza raba, bawaba na makomeo ya modeli hiyo, kwa sababu vitu hivyo vitatu utavinunua tena kabla fremu haijazeeka. Kama hachi yako ya zamani ina jina, tafuta kwanza modeli ya mtengenezaji yule yule inayorithi tundu lile. Huenda ukaokoka kazi yote ya faiba.

Naweza kutengenezewa hapa hapa Mombasa?

Kwa mbao, naam, na kwa uzuri. Seremala wa boti anayeujua msaji au mvule anaweza kukuundia hachi ya kuta mbili: ukuta wa ndani unaozuia maji, ukuta wa nje unaovunja nguvu ya wimbi, na mfereji katikati wenye vitundu vya kutolea maji. Ubunifu huu ni wa zamani sana na ulifanya kazi kabla ya raba za kisasa. Nauheshimu kuliko hachi nyingi za dukani, mradi mwenye boti atakubali kuupaka vanishi au rangi bila kuchelewa.

Kwa alumini, nakuomba usimpe kazi fundi wa madirisha ya nyumba. Vyuma vyake ni vyembamba na vimeundiwa mvua inayoanguka, si wimbi linalosukuma. Na kioo cha dirisha la nyumba hakina nafasi yoyote kwenye sitaha. Mafundi wa mabango wana akriliki na mashine nzuri za kuikata, lakini shiti nilizozikuta kwao ni za milimita 3 hadi 5. Waagize nene, usikubali kubandikiwa mbili pamoja.

Nikiagiza kutoka nje, nijiandae kwa nini?

Hachi ni nyepesi lakini ina nafasi kubwa, na wasafirishaji wa ndege hutoza kwa ujazo. Uliza bei ya usafiri kabla ya kufurahia punguzo. Bandarini na uwanja wa ndege, VAT ya 16% hupigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na usafiri, bima na ushuru wa forodha, si juu ya bei ya dukani peke yake. Agiza raba ya akiba na pete ya ndani katika mzigo huo huo. Kuvileta peke yake baadaye kuna uchungu wake.

Gundi gani iende wapi?

Hapa pana maungio mawili tofauti. Kati ya fremu na sitaha mimi hutumia tepu ya butili. Haikauki kabisa, inafuata mwendo wa sitaha, na siku ukitaka kung'oa fremu haitabomoa faiba. Kaza kidogo, rudi kesho ukaze tena, na keshokutwa tena, ukiikata inayofurika pembeni. Gundi za poliurethani kama Sikaflex-291i nazo zinafaa. Gundi kali za kudumu kama 3M 5200 usiziweke hapa, kwa sababu atakayeing'oa fremu hiyo atang'oa na tabaka la juu la sitaha.

Silikoni usiiweke kwenye sitaha. Huacha mafuta yasiyoonekana ambayo rangi na epoksi hazitashika tena. Mahali pake ni kati ya kioo na fremu, na si silikoni ya bafuni bali ile ya kubandikia vioo vya majengo, kama Dowsil 795. Sikaflex-295 UV nayo imetengenezwa kwa vioo vya plastiki, lakini inataka dawa yake ya kutangulizia. Gundi za polisalfaidi ziweke mbali na plastiki.

Skrubu za namna gani?

Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, kichwa cha kuzama, saizi ile ile iliyotobolewa kwenye fremu. Chuma hicho na alumini vikilowa maji ya chumvi pamoja, alumini ndiyo inayoliwa, kwa hiyo paka kila skrubu dawa ya kuvitenganisha kama Duralac au Tef-Gel. Nafasi ikiruhusu, boliti na nati ni bora kuliko skrubu.

Kazi hii ifanywe mwezi gani?

Januari au Februari, kaskazi ikiwa imetulia na mvua ni chache. Agosti pia inawezekana. Aprili na Mei usithubutu kufungua tundu la sitaha, hata kwa siku moja.

Hachi mpya nitaitunzaje?

Maji baridi, sabuni ya vyombo kidogo, kitambaa laini. Dawa za vioo zenye amonia, spiriti, asetoni na petroli huipasua akriliki, wakati mwingine dakika hiyo hiyo mbele ya macho yako. Shona kofia ya turubai kwa kila hachi na uivalishe kila unapoondoka botini. Hakuna matumizi mengine ya pesa yatakayorefusha maisha ya kioo kiasi hicho. Usiache makomeo yamekazwa sana miezi mizima, raba itabaki imelala. Pete ya ndani ikiwa na nafasi ya wavu wa mbu, nunua wavu wenyewe siku hiyo hiyo.

Nimemaliza. Nitajuaje kama imeshika?

Rudia gazeti la yule mzee kuzunguka raba yote, kila sentimita 10, ukisikia kwa kidole kama linavutwa kwa nguvu moja. Rudia chaki. Subiri gundi ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye mrija, kisha mpira wa maji, kutoka chini kwenda juu. Baadaye weka karatasi kavu za gazeti chini ya kila pembe, ndani, na uziache hadi mvua ya kwanza. Gazeti huonyesha doa hata kwa tone moja, na pembe yenye doa ndiyo utakayoifungua.